Sheli ya Maji ya Ismaili

Kila Jumanne na Ijumaa, Rukia na mumewe Ismaili walipakia karoti kwenye pikapu yao pale Mlola. Karoti zilitoka kwenye shamba lao la bondeni. Rukia aliziosha mferejini tangu alfajiri. Ismaili alizitia kwenye magunia, kisha pikapu ikashika njia ya Lushoto mjini.

Pikapu yenyewe ilikuwa nzee. Ilikunywa petroli bila huruma, na kwenye milima ilikunywa zaidi. Kila wakitoka sokoni, Ismaili alinuna njia nzima. Ukimsemesha, anakujibu kwa mguno.

Siku moja rafiki yake Amiri, wakala wa magari kule Tanga, alimtumia video kwenye simu. Ilionyesha gari zuri, jeupe, kutoka ng'ambo. Nyuma ya gari hapakutoka moshi. Yalidondoka maji tu.

"Hilo linatumia haidrojeni," Amiri alimwambia. "Na haidrojeni imo ndani ya maji. Bei yake ni ya kutupa, ndugu yangu. Wahi."

Sasa msikilizeni Ismaili alivyoelewa. Alielewa kwamba gari hilo linakwenda kwa maji. Na mtu wa Mlola, maji kwake si kitu cha kuwazia. Yanashuka mlimani mchana na usiku. Ukitaka kumwagilia bustani, unatandaza mpira kutoka kwenye chemchemi, maji yanakuja yenyewe. Ndivyo kila mtu anavyofanya.

"Mama Shamsa," alimwambia mkewe, "petroli tumeachana nayo. Tunauza shamba la bondeni, tunanunua gari hilo. Nitabeba abiria mpaka nichoke mwenyewe."

Rukia alishtuka. Shamba lile walipewa na mama yake Ismaili. Ndilo pekee lililokuwa na maji wakati wa kiangazi, mashamba ya juu yakikauka. Hati yake ya kimila ilikuwa na majina yao wawili. Bila saini ya Rukia, shamba haliuziki.

Lakini Rukia naye alikuwa amechoka. Alichoka na pikapu, alichoka na ile minuno. Na kuhusu gari la maji, hakuona kosa lolote. Maji si yapo?

"Nitasaini," alisema.

Mnunuzi akapatikana upesi. Wakapanga kukutana ofisi ya kijiji siku ya Jumatatu.

Ismaili hakungoja Jumatatu. Alitandaza mpira kutoka kwenye chemchemi mpaka uani. Akapandisha tanki jeusi la plastiki juu ya mawe, akalifunga kitambaa mdomoni ili kuchuja takataka. Majirani wakaja kutazama.

"Hii ni sheli yangu," aliwaambia.

"Na bodaboda utatujazia?" jirani mmoja akamtania.

"Bodaboda mtapanga foleni, mgosi."

Jumamosi asubuhi pikapu ikagoma kuwaka. Ismaili akampigia simu Sesilia, fundi wa magari mwenye gereji yake Lushoto mjini. Sesilia alikuwa kijana, lakini alisomea ufundi wa injini na umeme wa magari, na mikono yake ilikuwa na sifa mpaka Soni. Alifika na sanduku lake la vifaa.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Alipokuwa akikagua betri, aliliona lile tanki. Akauliza ni la nini. Ismaili akamweleza yote, kifua mbele. Sesilia alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Rukia alimtazama usoni, akaona kuna jambo.

"Baba, unaniruhusu nikuonyeshe kitu?" Sesilia aliuliza. "Mama, naomba kikombe cha plastiki, maji na magadi kidogo."

Rukia alileta. Sesilia aliweka kikombe mahali pa wazi, mbali na jiko. Akatia maji na magadi, akakoroga. Akachukua nyaya mbili, akaziunganisha na betri ya gari, ncha zake akazitumbukiza kwenye maji bila kuzigusanisha. Mara viputo vidogo vikaanza kupanda.

"Mnaviona vile vya upande huu? Vya waya wa hasi? Hiyo ndiyo haidrojeni. Ni gesi. Inashika moto haraka, ndiyo maana nimekuja huku nje. Msijaribu wenyewe."

"Si unaona?" Ismaili alimgeukia mkewe. "Imo kwenye maji."

"Imo, baba. Sasa tazama." Sesilia akachomoa waya mmoja kwenye betri. Viputo vikakoma. "Maji ni yale yale. Mbona hayatoi tena?"

Ismaili akakiinamia kikombe.

"Umeme ndio ulikuwa unafanya kazi," Rukia alisema polepole.

"Ndiyo, mama. Haidrojeni haitoki kwenye maji bure. Inatolewa kiwandani kwa umeme mwingi. Na huko duniani nyingi hawaitoi kwenye maji, wanaitoa kwenye gesi ya ardhini. Kisha inashindiliwa kwenye mtungi maalumu wa gari. Upepo wa tairi lako unaujua ulivyo na nguvu. Ndani ya mtungi ule, nguvu ni zaidi ya mara mia mbili ya hiyo. Mpira wa bustani hauwezi, na tanki hili haliwezi."

"Na yale maji ya kwenye video?"

"Yale yanatoka, hayaingii. Ndani ya gari, haidrojeni inakutana na hewa. Hapo unapatikana umeme wa kuzungusha magurudumu, na maji yanabaki kama jasho. Ukilijaza maji, utaliua gari."

Rukia aliuliza lililokuwa likimchoma. "Kwa hiyo gari lenyewe ni la uongo?"

"Hapana, mama. Ni la kweli na ni zuri. Halitoi moshi. Penye kituo cha haidrojeni linajazwa kwa dakika chache tu, na linakwenda mbali. Lakini mimi sijasikia kituo kama hicho cha umma hapa nchini. Hata huko ng'ambo vituo ni vichache, na vingine vimefungwa. Ndiyo maana yaliyotumika yanauzwa kwa bei ya kutupa. Pengine baadaye yatafaa, hasa malori makubwa ya safari ndefu. Kwa mtu wa kawaida wa hapa, leo, halifai."

"Na yale ya kuchaji kwa umeme?" Ismaili aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Hayo angalau umeme unao ukutani. Lakini nayo uulize kwanza. Umeme wako unakatika mara ngapi? Litapanda hapa na magunia ishirini? Mtu akikuletea gari la aina yoyote, muulize litajazwa wapi, litatengenezwa na nani, na kama linaiweza barabara yako. Bei iulize mwisho."

Ismaili akampigia Amiri papo hapo, akamuuliza hayo matatu. Amiri alikohoa. "Vituo vitakuja tu," alisema. "Wewe kama hutaki, nitalichukua mwenyewe."

Baada ya simu, Ismaili alikaa kwenye jiwe. Aibu ilimjaa usoni.

"Mbona hukunikatalia?" alimuuliza mkewe.

"Ningesaini, baba Shamsa. Jumatatu ningesaini, na sikuuliza hata swali moja." Machozi yakamtoka. Alilia kwa hofu ya kitu kilichokuwa kimeshapita.

Jumatatu walikwenda ofisi ya kijiji wakiwa pamoja, wakamwomba radhi mnunuzi, wakarudi na hati yao. Sesilia alisafisha njia za petroli za pikapu, akabadilisha plagi na chujio la hewa, akawafundisha kupima upepo wa matairi kila wiki. Ismaili akaanza kupakia kabichi za jirani, wakachangia mafuta, ili asiende sokoni na nafasi tupu. Pikapu ikapunguza ulafi, na minuno ikapungua.

Kiangazi kilipofika, mashamba ya juu yalikauka. Bondeni karoti zilikuwa zimeiva. Siku hiyo Amiri alipanda kutoka Tanga kuwasalimu. Alifika kwa basi.

"Na lile gari?" Ismaili aliuliza.

"Lipo uani. Linang'aa." Amiri alitazama chini. "Tunaliosha kila Jumapili. Ndugu yangu, huna mtu wa kulichukua?"

Ismaili alitikisa kichwa. Hakumcheka, kwa sababu alijijua.

Rukia aliinuka kutoka kwenye tuta, udongo mkononi. Aliliangalia shamba lote, kutoka mferejini mpaka kwenye migomba.

"Lile lingekuwa letu," alisema, "na hapa tungekuwa tunapita njia tu."

Kisha akamchagulia Amiri karoti za kupeleka nyumbani, nzuri kuliko zote.