Alhamisi ya Nambari Kumi na Saba

Ilianza na harufu ya tangawizi. Chumba cha kompyuta cha hospitali hakikuwa na jiko wala dirisha, lakini kila alipofungua programu ya zamu za wauguzi, harufu ilimfikia puani, kali, kana kwamba mtu ametafuna kipande kisha akainama begani kwake.

Wenzake walimwita Mrithi. Alirithi kiti cha marehemu aliyeandika programu ile, na baadaye akamwoa mjane wake, muuguzi wa wodi ya watoto. Walipomtania, alicheka nao. Moyoni hakucheka.

Sasa alikuwa akiihamishia programu kwenye lugha mpya ya kompyuta, mstari kwa mstari, maana ile ya zamani haikuwa na wataalamu tena. Kipimo cha kazi kilikuwa kimoja: programu zote mbili, zikipewa majina yaleyale, zitoe ratiba ileile. Siku ya nne akakuta mstari umejibanza katikati ya mingine: nambari kumi na saba, kila Alhamisi jioni, apumzike.

Nambari kumi na saba alikuwa mkewe.

Alhamisi jioni ndiyo iliyokuwa raha ya ndoa yake. Wawili mezani, redio chini chini. Kumbe miaka mitatu yote alikuwa akila kwa hisani ya mwanamume mwingine. Mstari ule hakuutafsiri. Aliuruka.

Akaziendesha programu zote mbili. Ratiba zikalingana. Nambari kumi na saba, Alhamisi jioni, mapumziko.

Akapekua kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho, mara tatu. Mstari haukuwemo.

"Shangazi," alimnong'oneza fundi wa printa, mwanamke mkongwe kuliko wote chumbani, "marehemu alikuwa akitafuna tangawizi?"

"Kutwa nzima. Mbona unanong'ona?"

Akamweleza. Shangazi akaweka bisibisi chini.

"Huyo si marehemu, mwanangu. Marehemu amelala zake. Hilo ni jini lililomzoea, likabaki kulinda alichokipenda. Rudisha mstari, liridhike, liende."

"Nimrudishie na mke?"

"Mke hujaombwa. Umeombwa mstari."

Alijua Shangazi anasema kweli, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akarudi kitini, akaandika mstari wake mwenyewe: nambari kumi na saba, kila Alhamisi jioni, kazini.

Ratiba ikatoka kwenye printa ikiwa na joto. Nambari kumi na saba, mapumziko. Chini yake palikuwa na nafasi ambayo programu haikuwahi kuwa nayo, fundi wa kompyuta wa zamu, Alhamisi jioni, na mbele yake limeandikwa jina ambalo halikuwa kwenye orodha yoyote ya hospitali: Mrithi. Mkuu wa kitengo akaisaini bila kuisoma, kama ada yake, na ikabandikwa ukutani.

Alhamisi ikafika, akabaki peke yake, akisikia mashine zikivuma na nyuma ya mvumo huo kitu kikavu kikitafunwa polepole, mara karibu na mlango, mara chini ya meza, mara nyuma ya shingo yake ambayo hakuthubutu kuigeuza, mpaka ilipogonga saa kumi na mbili na nusu, saa yao ya kula, na sauti ikakatika, na harufu ikaondoka chumbani kama mtu aliyechukua koti lake akaenda nyumbani.

Akashusha pumzi. Limeondoka, alijiambia. Akainua simu ya ofisi, akampigia mkewe.

"Mke wangu, nimebanwa kazini. Wewe kula tu."

Redio ilisikika chini chini.

"Wewe ni nani?" mkewe alinong'ona. "Mume wangu ninaye hapa mezani."

Kisha nyuma yake kitu kikavu kikatafunwa polepole, kikamezwa, na Mrithi akaisikia sauti yake mwenyewe, tulivu, ya mtu aliyeshiba:

"Kata simu, mama. Chakula kinapoa."