Kobe Aliyekataa Maji

Watoto wa kobe walianza kutoka ardhini saa nne asubuhi, kwenye tuta la maua mbele ya nyumba ya Théogène Arceneaux. Mkewe, Ursule, alikuwa anaanika nguo. Aliwaona wakichomoza kwenye udongo mmoja baada ya mwingine, weusi, wadogo kama vifuniko vya chupa. Wote waligeuza vichwa upande mmoja wakateremka kwenye nyasi kuelekea bayu, ule mto mzito wa rangi ya kahawa unaopita mbele ya kila nyumba ya sehemu zile. Kumi na wanane walifika wakazama. Wa kumi na tisa aliyapa maji kisogo. Alikuja taratibu mpaka kwenye ngazi ya jikoni, akaanza kukwaruza ubao.

Clélie, binti yao wa miaka tisa, alimwokota kabla mama yake hajasema neno.

"Mrudishe," Ursule alisema.

"Mama, si kaja mwenyewe kwetu!"

"Nimesema mrudishe. Huyo ni wa mwituni, hafugwi. Mpeleke kwa wenzake."

Lakini Théogène alikuwa ameshatokea bandani, anafuta grisi mikononi. Kazi yake ilikuwa kutega kambare na kobe wa maji, nyama akiipeleka kwenye migahawa ya mjini. Alimtazama yule mdogo kwenye kiganja cha bintiye, akacheka.

"Kobe gani huyu anayekimbia maji? Mwache mtoto amfuge. Atakufa wiki hii hii, usijali."

"Théogène, mama yake unamjua."

Alimjua. Mwezi wa Juni alimkuta kobe jike, mpana kama karai la kufulia, kwenye tuta lile lile, anamalizia kufukia mayai yake. Alimng'atisha fimbo, akaivuta mpaka shingo yote ikanyooka, akaikata kwa shoka. Kichwa kile kiliendelea kutafuna fimbo hadi alasiri. Moyo wake, uliowekwa kwenye sahani juu ya meza, ulipiga saa tano nzima, na watoto wa majirani walikuja kuuchungulia. Mchuzi wake waliula Jumapili na ukoo mzima, wakaramba vidole.

"Basi ni yatima," Théogène alisema. "Kulea yatima nako ni dhambi? Muulize padri."

Clélie hakungoja zaidi. Alimpa jina la Bouton, yaani kifungo cha shati, akamweka kwenye karai la bati chini ya meza ya jikoni.

Bouton hakula. Alipewa kamba wa mtoni, akapewa maini ya kuku, akapewa minyoo. Vyote alivigeuzia domo lake lililopinda kama ndoana. Maji ya karai Ursule aliyabadilisha kila asubuhi, na kila adhuhuri yalikuwa yameshapata rangi ya kutu. Tena yalinuka. Juu yake ilikuwa harufu ya matope tu, lakini ukiinama ulipata nyingine chini yake, ile ya bucha ambalo halijaoshwa.

Siku ya tatu Ursule alikuwa peke yake jikoni, anakaanga unga wa mchuzi, aliposikia: du. Kimya kirefu. Kisha tena: du. Alidhani ni friji, akachomoa waya wake ukutani. Du. Alizima jiko, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye bati la karai. Lilikuwa linatetemeka. Akashusha kiganja kwenye mbao za sakafu, na mbao nazo zilikuwa zinatetemeka.

Mumewe aliporudi alimvuta pembeni, akamnong'oneza, "Kuna kitu jikoni."

"Kuna mtoto wa kobe jikoni."

"Usinicheke. Kinapiga. Kama moyo."

"Ursule, wewe hata radi ikinguruma mbali unawasha mshumaa."

"Kesho namrudisha, mtoto alie asilie."

Kesho yake aliingia jikoni mapema, akamkuta Clélie amepiga magoti, mkono mmoja ndani ya karai hadi kwenye kiwiko. Maji yalikuwa mekundu. Msichana alikuwa anatabasamu, macho yamelegea. Ursule alimvuta mkono, na mkono ukaja na Bouton ananing'inia kwenye kidole kidogo. Alikuwa amekua. Jana alienea kwenye kifuniko cha chupa, leo alijaza kiganja. Ursule alichukua mpini wa kijiko, akauingiza kwenye domo lile na kuligeuza kwa nguvu. Lilipoachia, liliachia na ngozi ya kidole yote, kama glavu inavyovuliwa.

Hapo ndipo Clélie alipopiga kelele, lakini hakukiangalia hata kidole chake.

"Umemkatisha! Alikuwa bado hajashiba!"

"Tangu lini, mwanangu? Tangu lini unamlisha hivi?"

"Tangu Jumatatu. Anakula kwangu tu. Mama yake ndiye kaniambia."

"Mama yake nani?"

"Anayekaa chini ya sakafu."

Nyumba za kule zimeinuliwa juu ya nguzo, kwa sababu ya mafuriko, na chini yake ni giza hata mchana. Wakati ule ule Capitaine, mbwa wao, alianza kubweka huko chini. Alibweka mara tatu. Ya nne ilikatika katikati. Théogène alitoka mbio na suruali haijafungwa vizuri, akatambaa chini ya nyumba, akamwona mbwa amelala ubavu, akamshika miguu ya nyuma na kumburuta hadi nje kwenye jua. Capitaine hakuwa na kichwa. Shingo ilikuwa imekatwa safi, na damu ilikuwa bado inaruka, inapungua, inaruka.

"Mamba," Théogène alisema. "Ni mamba tu."

"Mamba hakati hivyo. Wewe ndiye unayekata hivyo," Ursule alimwambia.

Théogène aliingia jikoni, akatoka na Bouton mkono mmoja na shoka mkono wa pili, akamweka kwenye gogo la kuchinjia. Ursule alimsihi asifanye. Alimwita kwa jina lake lote la ubatizo. Théogène aliinua shoka, akalishusha kwa nguvu zake zote juu ya gamba lile lisilozidi kiganja, na shoka likalia kama limepiga reli, likamruka mkononi, na kutoka ndani ya nyumba ukaja ukelele ambao wote wawili waliujua hata kabla haujaisha, wakakimbia wakigongana mlangoni, wakamkuta Clélie amelala kifudifudi sakafuni, gauni limepasuka kutoka bega hadi kiunoni, na chini ya gauni mgongo nao umepasuka, umefunguka kama samaki anayetayarishwa kukaushwa.

Nje, juu ya gogo, Bouton hakuwa na hata mkwaruzo. Alikuwa anawatazama.

Ursule alimfunga mtoto kwa shuka, akamwachia baba yake, akakimbia hadi ukingoni. Ng'ambo, usawa wa nyumba yao, aliishi Bibi Philomène Naquin, aliyeponya watu kwa sala na mikono. Alikuwa na miiko miwili. Asishukuriwe, na asivuke maji yanayotembea, maana akivuka uwezo wake unabaki upande aliotoka.

"Bibi! Bibi Philomène! Tusaidie!"

Bibi kizee alitoka na aproni kiunoni. Hakuuliza kuna nini. Alinusa hewa kwanza.

"Mmechukua kitu cha nani?"

"Mtoto wa kobe, Bibi! Tulikuwa tunamfuga!"

"Mama yake yuko wapi?"

Ursule aligeuka akamtazama mumewe, aliyekuwa anakuja na binti yake kifuani.

"Nilimchinja mimi," Théogène alipaza sauti.

Bibi Philomène alifanya ishara ya msalaba. "Basi si kobe tena. Limeshaingia jini la maji, nalo huyo mdogo ndiye mlango wake. Waleteni. Mtoto wenu na mtoto wake, boti moja. Mkifika katikati, wewe Théogène umrudishe kwa mkono. Usimtupe! Umshike mpaka apokelewe."

"Apokelewe na nani?"

"Kwa mkono uleule uliochinja," Bibi alisema, akaanza kusali.

Théogène alimchukua Bouton kwenye gogo, wakapanda wote, lakini mashine ya boti ilikataa kuwaka. Ursule alishika makasia. Ilikuwa adhuhuri, hakuna upepo, hakuna ndege, na maji yalitulia kama mafuta. Walipoacha ukingo, mapovu yalianza kuwafuata, yananuka mayai yaliyooza, na ile du ikaja kutoka chini, kwanza mbali, kisha kwenye mbao za boti, kisha kwenye meno yao, na Clélie, ambaye kwa jeraha lile hakupaswa hata kukaa, aliinuka, shingo imezama mabegani hata kidevu kimegusa kifua, akatoa mlio kama tairi linalopasuka, akamrukia mama yake na kumng'ata mkono juu ya kiwiko, akang'ang'ania. Na Ursule hakuachia kasia, alivuta, akavuta, mtoto wake ananing'inia kwenye nyama yake kwa meno, damu inateremka hadi vidoleni na kasia linateleza, huku kitu kikipiga chini ya boti hata boti ikainuka upande mmoja na kurudi, na ng'ambo Bibi Philomène, vidole vya miguu vikiwa kwenye ukingo kabisa wa matope, sasa anasali kwa kupiga kelele.

"Sasa!" Ursule alilia. "Théogène, sasa!"

Théogène aliinama, akazamisha mkono wa kulia na Bouton juu ya kiganja. Maji yalikuwa ya baridi, baridi ambayo Septemba haina. Alingoja. Alikuwa na muda wa kutosha kuutoa mkono ule. Wakati Bouton anajikunja kwenye kiganja chake, aliwaza kumwachia tu azame na kudai baadaye kwamba aliteleza. Akamwangalia binti yake, macho yamegeuka meupe, mdomo umejaa mama yake.

"Ni mimi," aliyaambia maji. "Nilikukuta unazaa, nikakuua. Huyu mtoto hakujua kitu. Mchukue wako."

Kichwa kilipanda kutoka chini, kikubwa kama ndoo. Kilipokaribia juu Théogène aliona kuwa nyuma yake hakuna mwili. Shingo iliishia kwenye kidonda kilichonyooka, safi, na yeye aliijua kazi ya shoka lake. Domo lilifunguka. Hakuutoa mkono. Domo likafunga, na mfupa ukalia kama ukuni mbichi, na kichwa kikazama na mkono pamoja na Bouton.

Clélie aliachia meno, akaanguka nyuma. "Mama!" alilia, na ilikuwa sauti yake. "Mama, baba anatoka damu!"

Ursule aliwafikisha ng'ambo, hakujua kwa nguvu zipi. Bibi Philomène alimshika Théogène pale mkono ulipoishia, akapuliza, akasali kwa haraka na kwa sauti ya chini, na damu ikasimama kama bomba lililofungwa. Kisha akaenda kwenye mgongo wa mtoto, kisha kwenye mkono wa mama. Théogène alifumbua macho, akaanza, "Asan—" Ursule akamziba mdomo kwa kiganja.

"Mshukuruni Mungu," Bibi alisema. "Mimi msinitaje. Haya, hospitali."

Daktari wa zamu mjini alikuwa kijana mwenye miwani. Aliukagua mkono kwa muda mrefu. Alisema hajawahi kuona kidonda kilichokatwa vizuri hivi na kisichotoa damu, akauliza ni mashine gani.

"Ya kukatia miwa," Ursule alisema haraka.

"Na mtoto?"

"Alikuwa karibu."

Daktari alichukua kalamu. Clélie alikuwa kwenye kitanda cha pili, amelazwa kifudifudi, kidole chake kimefungwa bandeji. Aligeuza uso.

"Si mashine," alisema. "Baba alimpa."

"Alimpa nani, mrembo?"

"Mama yake Bouton. Alikuwa ananitaka mimi, ndipo baba akampa mkono."

Daktari alimtazama Ursule, naye Ursule akatazama sakafu. Daktari akamgeukia Théogène, aliyekuwa amelala, uso mweupe kama shuka, machozi yanateremka masikioni.

"Bwana Arceneaux, ni kweli anachosema huyu mtoto?"

"Andika mashine, daktari," Théogène alisema. "Andika mashine, utuache tulale."