Kavu kwa Kavu

Kila Jumatano baada ya mapumziko, darasa lilihamia maabara, chumba kirefu chenye meza zilizobabuka na bomba moja linalovuja. Kabla ya mtu kugusa chochote, mwalimu wa kemia alitangaza maneno yaleyale: "Kavu kwa kavu!" Wanafunzi waliyazoea hata wakawa wanasalimiana nayo uwanjani. Maana yake wengi walishaisahau.

Siku hiyo walitafuta uzito wa moli moja ya gesi iliyomo kwenye kiberiti cha gesi. Unapima kiberiti, unakizamisha kwenye beseni, unaachia gesi ndani ya silinda iliyojaa maji na kusimamishwa kichwa chini, kisha unapima tena. Uzito uliopungua ndio wa gesi iliyotoka. Jozi itakayopata jibu sahihi ingekwenda kwenye mashindano ya shule, na atakayechezea vifaa angebaki.

Macho, msichana aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna kinachompita, alipangwa na Kimya. Hakufurahi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, alijiambia, na maneno ya mvulana huyu kwa siku nzima hayakujaa kijiko. Aliporudi na beseni la maji, Kimya alikuwa ameshakipima kiberiti na bado amekiinamia. Alishtuka, akasukumiza kitu mfukoni.

"Unaficha nini?"

"Si kitu."

Tangu hapo Macho alimtazama mwenzake kuliko alivyoitazama kazi. Gesi ilipofika alama ya mililita 240, alikinyakua kiberiti majini, akakikung'uta kidogo, akakimbilia mizani.

"Ngoja kwanza," Kimya alisema.

"Ningoje nini? Ukiguse tena?"

Mizani ilionyesha kimepungua gramu 0.44. Katika joto la chumba kile, moli moja ya gesi hujaza mililita 24,000; hivyo mililita 240 ni sehemu moja ya mia. Macho akazidisha kwa mia, akapata 44. Mwalimu alikuwa ameshasema kwamba gesi ile ni butani, na jibu liwe karibu na 58.

Damu ikamchemka. "Mwalimu, huyu ameniharibia! Nimekwenda kuchota maji, yeye huku akaachia gesi. Mwangalie mfukoni! Sitaki kwenda naye popote."

Darasa zima likageuka. Kimya aliangalia viatu vyake, na machoni mwa wengi hiyo ilitosha kuwa kosa.

Mwalimu hakumpekua. Alichukua karatasi ya hesabu. "Angeachia gesi kabla ya kupima, jibu lisingebadilika. Angeachia baada ya kupima, kiberiti kingepungua zaidi, na jibu lingepanda. Lenu limeshuka. Maana yake kiberiti kimerudi na mzigo."

Alikigonga kiberiti kiganjani. Tone la maji likadondoka kutoka chini ya kigurudumu chake, kisha jingine.

Hapo Kimya akatoa kitu mfukoni: kitambaa chenye maua ya waridi, kipande cha gauni kuukuu la dada yake. "Kiberiti kilikuwa na unyevu, nikakikausha kabla ya kukipima mara ya kwanza," alisema. "Nilificha kwa sababu mngenicheka."

Walikifuta kiberiti mpaka hakikutoa tone, wakakipima upya. Sasa kilikuwa kimepungua gramu 0.58. Mara mia, 58 kamili. Macho aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Kavu kwa kavu, binti yangu," mwalimu alisema. "Kiberiti umekipima na maji yake, mwenzako umempima na shaka zako. Kabla hujamtuhumu mtu, futa kwanza ulichokiongeza wewe mwenyewe. Mashindanoni mtakwenda wote wawili, kama mwenzako bado anakutaka."

Macho alimgeukia Kimya, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe."

Kimya alimkabidhi kitambaa cha maua. "Shika," alisema. "Jikaushe kwanza, ndipo tuongee."