Boliti ya Kifuniko cha Tatu

Jua lilikuwa linazama fundi alipoanza kukusanya spana zake ili afunge gereji. Alipogeuka, akakuta gari jeupe limesimama ndani. Hakusikia mlio wa injini. Hakusikia hata matairi yakikanyaga kokoto.

Kwenye usukani alikaa mama mtu mzima, mtandio umemshuka hadi kwenye nyusi.

"Inagonga juu, mwanangu," alinong'ona. "Ifungue."

"Shikamoo, mama. Giza linaingia, njoo kesho."

"Ifungue."

Fundi akajikuta ameshainua boneti. Injini ilikuwa ya baridi, na badala ya oili ilinuka udongo mbichi... Akatoa kava la juu, akalegeza mkanda wa taimingi, akaanza kufungua vifuniko vinavyoishikilia kemshafti, ule mhimili unaofungua vali. Cha kwanza. Cha pili.

Boliti ya cha tatu ilitoka kwa vidole tu, bila spana.

Kwenye kemshafti palikuwa na mistari miwili ya rangi nyeupe, alama ya mkono wake mwenyewe. Lilikuwa gari la shemeji yake, mume wa dada yake. Mwaka uliopita aliirudisha kemshafti hiyohiyo akiwa na haraka ya kuwahi mpira, akakaza kwa kukisia, na cha tatu akakisahau bila kukikaza. Injini ilizimika mlimani, lori likamgonga shemeji kwa nyuma, akafa. Gari lilikatwakatwa likauzwa chuma chakavu, na fundi mwenyewe alikuwepo akitazama.

Alipoulizwa, alisema marehemu alikuwa mzembe, hakuwa akiangalia oili. Watu wakaamini. Dada yake pia.

"Aliyekaza hapa ni nani?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yake. Mlango wa gari haukufunguliwa.

"Ni mimi," alijibu fundi.

"Basi irudishe."

Akairudisha, safari hii kwa spana ya kupimia mkazo. Kila boliti ilipofika kipimo, spana iliita: tak... tak... Ilipoita ya mwisho, akageuka aombe radhi.

Gereji ilikuwa tupu. Oili nyeusi bado ilimchuruzika hadi kwenye viwiko.

Hakunawa. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, akamweleza yote, macho chini. Dada hakulia.

"Mtandio hadi kwenye nyusi?"

"Ndiyo."

"Huyo ni mama mkwe. Alizikwa kabla mimi sijaolewa." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyechoka siku nyingi. "Tangu msiba, kila jua likizama ananijia, ananiuliza aliyekosea ni nani. Namjibu kwamba ni mwanawe mwenyewe, mume wangu. Maana wewe, kaka yangu, ndiye uliyeniambia."

Akainuka, akaufungua mlango wa nje, akajibanza ukutani. Fundi akadhani anafukuzwa, akasimama.

"Kaa," dada alinong'ona. "Leo amechelewa, nampisha mama mkwe aingie. Yaseme tena mbele yake, nami nikisikia."