Kopo la Handakini

Haya yalimpata rafiki yangu Violeth, mwalimu, alipowaandalia wanafunzi wake mchezo wa kusaka hazina kwa GPS ya simu katika kijiji kimoja karibu na Kibakwe. Alificha makopo ya pipi kwenye bustani ya kijiji na kuzunguka kiwanda cha zamani cha mafuta ya karanga.

Mama Emiliana, mjane anayeishi jirani na kiwanda, alimsihi: "Mwanangu, mle kwenye handaki la kiwanda usiweke mchezo. Ukuta ulimfukia mume wangu mle, na hakutolewa."

"Sawa, mama, siweki," Violeth akajibu. Lakini akaficha kopo moja mle, kwa kuwa hakuona maficho mazuri kuliko hayo.

Jioni wanafunzi walirudi na makopo yote isipokuwa hilo. Hakuna aliyethubutu kuingia. Violeth akaenda kulichukua mwenyewe. Alipopita mlangoni kwa Mama Emiliana aliinamisha uso, na yule mama akampungia mkono kwa upole. Hilo likamchoma zaidi.

Handakini giza lilikuwa zito, taa ya simu haikufika hata ukutani. Akapapasa pale alipoliacha kopo, hapakuwa na kitu. Mbele yake akasikia mchanga ukimwagika kidogokidogo, kisha ukakoma.

"Nisamehe, baba," akanong'ona. "Nilimdanganya mkeo."

Halafu bati la kopo likakwaruza sakafuni, taratibu, likimjia kutoka gizani, mpaka likamgusa kidole cha mguu. Akainama, akaliokota.

Lilikuwa na joto, kama kitu kilichoshikwa mkononi kutwa nzima.