Sifuri kwa Malango Yote

"Lango la nne limefunguka lenyewe!"

Sauti ya shemeji yake, mlinzi wa ghala la forodha, ilipasua redio. Sindano, aliyefanya ujasusi kwa miaka kumi na moja, aliikodolea macho kompyuta ya chumba cha udhibiti. Lori lenye baruti lilikuwa la tatu kwenye foleni. Ng'ambo ya lango kulikuwa na stendi ya mabasi, imefurika watu.

"Livute kwa mkono, shemeji!"

"Nimelining'inia kama nguo kwenye kamba. Halisikii!"

Bastola yake ya Glock ilikuwa kiunoni. Ya nini? Risasi moja ingelipua mtaa mzima.

Alimpigia fundi aliyeunda mfumo.

"Malango yanaendeshwa na makro, vijiprogramu vilivyo ndani ya lahajedwali," fundi alisema. "Kila makro ina kazi yake, lakini zote zinasoma kibadilika kimoja cha pamoja, yaani namba moja iliyohifadhiwa. Kikiwa sifuri, malango yanafungwa. Kikiwa moja, yako wazi."

"Sasa ni moja."

"Basi maadui wameingiza makro yao. Imekibadilisha mara moja tu, faili lilipofunguliwa, na zote zikafuata."

"Niifute?"

"Wameweka nywila. Huwezi."

Lori la kwanza likapita.

Sindano alibonyeza kila kitufe. Hakuna.

La pili likapita.

"Kaka, nimekwama. Nisaidie."

Fundi akauliza: "Kuna kisanduku kinachokubali kuandikwa?"

"Kimoja. Uzito wa lori."

"Andika herufi badala ya namba. Makro ya uzito itakwama, utaulizwa kama unataka kuisitisha. Kubali. Ikisitishwa hivyo, kibadilika cha pamoja kinapoteza thamani yake. Kinarudi sifuri."

"Una hakika?"

"Sina, dada."

Aliandika neno la kwanza lililomjia: MAMA.

Ujumbe wa hitilafu ukatokea. Akabonyeza *Sitisha*.

Makro ya malango huamka kila baada ya sekunde kumi. Hakuwa na la kufanya ila kuzihesabu. Lori la tatu lilianza kunguruma.

Saba. Nane. Tisa.

Chuma kikalia.

"Shemeji?"

Redio ilikoroma tu.

"Shemeji, nijibu!"

"Limejifunga! Limejifunga mbele ya pua ya lori! Dereva yuko chini, askari wamemkalia." Akahema. "Mimi nimevunjika kidole. Usimwambie dada yako mkubwa, atanivunja vilivyobaki."

Sindano alicheka.

Akavaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban, akatoka mlango wa mbele, polepole, kama mtu aliyekuja kuuliza njia.