Kiti cha Fundi

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, kila akinisimulia haya huinamisha uso kwa aibu. Jirani yake alikuwa haishi kuja kuazima vitu, leo ndoo, kesho chujio. Siku moja akataka pasi.

"Imeungua, dada yangu," fundi akamjibu. Uongo mtupu. Jioni alipoichomeka, pasi ikatoa moshi na haikuwaka tena.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika mchana, na mvua ikatia giza nyumba nzima. Zikasikika hodi tatu za taratibu, za jirani yule yule. Fundi akamnong'oneza mumewe, "Mwambie sipo," akatulia kimya kwenye kiti chake cha kushonea.

"Hayupo, shemeji," mume akasema mlangoni.

"Hayupo?" jirani akauliza kwa upole. "Basi niazimeni kile kiti chake mara moja tu."

Soni ikamjaa fundi, akaona bora aombe radhi. "Nipo," akasema.

Mumewe hakuitika. Alikuja na tochi, mwanga ukampita fundi usoni bila kusimama, kisha akashika kiti kile alichokalia na kukiinua kwa mkono mmoja, chepesi, kama hakina mtu.